Pongezi kwa Mfasiri wa Peponi

Nimeimaliza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kisa cha Yusuf, mtoto anayewekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, kinasomeka kana kwamba kilizaliwa kwa Kiswahili. Msafara wa bara ndio ulioninasa: wapagazi, hongo kwa watawala wa njiani, maradhi, na tajiri mpole asiyepaza sauti hata mali ikimponyoka. Baada ya riwaya hiyo nikasoma insha za mwandishi Shaaban Robert. Tamu, ingawa (tuseme kweli) mzee yule alipenda kuusia. Mfasiri wa Peponi, kinyume chake, hausii wala hajionyeshi. Kongole kwake. Wachapishaji, msiishie kwenye tafsiri hii moja.