Mtenda Aliyefichwa: Askari na Raia katika Lugha na Riwaya ya Kiswahili

Wachunguzi wa lugha yetu wamezoea kutafuta mawazo ya watu juu ya serikali katika hotuba, magazeti na mashairi. Ni mara chache wanapoyatafuta mahali yanapokaa kimya zaidi, yaani katika umbo la sentensi yenyewe. Makala haya yanakusudia kufanya hivyo juu ya jambo moja tu: namna raia wanavyomwona askari polisi, na namna wanavyosema, au wanavyoshindwa kusema, pale anapotumia mamlaka yake vibaya. Tutatazama kwanza majina, kisha sarufi, na mwisho riwaya. Nia yetu ni kupima kama waandishi wa hadithi wameitimiza kazi ambayo lugha ya taarifa rasmi imeikwepa.

I

Neno askari limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mwanajeshi. Kiswahili kimelipokea na kulitandaza: askari ni mpiganaji wa vita, ni polisi, ni mlinzi wa gereza, na hata mzee alindaye duka usiku kwa rungu na kurunzi. Ni nadra kuona neno moja likibeba watu wa daraja zilizoachana hivyo, na sababu yake ni ya historia. Katika zama za Wajerumani askari alikuwa ndiye serikali yenyewe machoni pa mwanakijiji. Yeye ndiye aliyefika kudai kodi, na fimbo za hamsa ishirini zilikumbukwa muda mrefu baada ya utawala ule kuondoka. Kenya, kuanzia mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, na aliyekidai njiani ni askari. Basi raia alimjua askari kwanza kama mtu wa kuuliza na kudai. Kujulikana kama mtu wa kukinga kulikuja baadaye, na hakukulifuta lile la kwanza. Hata leo mtu akisema, “Nitakuitia askari,” msikiaji hana budi kutazama uso wa msemaji apate kujua kama ni kitisho au ni kilio cha kuomba msaada.

Namna ya kumwita askari nayo ina mafundisho. Afande ni neno la Kituruki lililopita katika majeshi ya Misri na Sudani kabla ya kutufikia sisi. Ndani ya kikosi ni heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Lakini raia asiye na cheo chochote, akisimamishwa barabarani, naye humwita konstebo afande, na kwa neno hilo moja amekwisha jiandikisha katika jeshi asiloajiriwa, tena katika safu ya mwisho. Hiyo si adabu ya mjini tu. Ni kukiri kwamba yaliyo mbele yake ni maongezi ya mkubwa na mdogo, wala si ya mtumishi wa umma na mwenye haki.

Serikali zetu zimetambua kuwa majina yana uzito. Polisi wa Kenya walikuwa na kaulimbiu ya “Utumishi kwa Wote” tangu kabla ya Katiba ya mwaka 2010. Katiba hiyo iliondoa jina la jeshi na kuweka la huduma, na sheria ya mwaka 2011 ikaunda mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi. Tanzania chombo hicho kimeendelea kuitwa Jeshi la Polisi, ingawa Tume ya Rais juu ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kutoa ripoti yake Julai 2023, ilipendekeza kifanyiwe mageuzi makubwa. Hatuyadharau mabadiliko ya majina. Twasema tu kwamba umma nao hubadili majina, na wa kwake hauhitaji bunge. Kikosi cha Kutuliza Ghasia, kwa mfano, kina jina la upole mno. Kutuliza ni kazi ya mama kwa mtoto aliaye. Umma ulizichukua herufi za jina lake la Kiingereza, FFU, ukazifasiri upya: “Fanya Fujo Uone.” Tazama kilichotendeka. Jina rasmi lilikuwa la kazi isiyo na mtu. La umma limekuwa sentensi kamili ya amri, yenye nafsi ya pili ndani yake. Aliyetunga mzaha huo alikuwa mwanasarufi mzuri: alimrudisha raia mahali alipokuwa ameondolewa.

II

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha hoja yetu. Kiswahili kimejaliwa minyambuliko mingi ya kitenzi, na kila mmoja wagawa dhamana ya tendo kwa namna yake. Tuchukue kitenzi fyatua. Askari alifyatua risasi: mtenda yupo, ametajwa, aweza kuulizwa. Risasi ilifyatuliwa: mtenda yupo kwa maana, bali hakutajwa, msomaji ana haki ya kuuliza, “Na nani?” Risasi ilifyatuka: hapa mtenda hayupo kabisa. Chuma kimetenda chenyewe, kama embe lidondokavyo mtini, na swali la “na nani” haliwezi hata kuulizwa bila kuvunja sarufi. Hatua tatu hizi, kutoka fyatua hadi fyatuka, ni hatua za kutoka mahakamani hadi kwenye ajali.

Msomaji wa magazeti aangalie mwenyewe ni hatua ipi huchaguliwa pale anapouawa jambazi, na ni ipi pale anapouawa mpita njia. Katika habari ya kwanza polisi “wamemuua” au “wamefanikiwa kumuua”, katika ya pili raia “amepigwa risasi,” na mara nyingine “amefikwa na mauti.” Upatanisho wa kisarufi nao husaidia. Polisi wamesema: hao ni watu. Jeshi limesikitika: hicho ni kitu cha ngeli ya li-, kisichoweza kupandishwa kizimbani wala kufukuzwa kazi. Vivyo hivyo mtu “anashikiliwa kwa mahojiano,” ingawa mahojiano, kwa umbo la neno, ni kazi ya watu wawili waulizanao kwa zamu, na huyu mmoja yuko nyuma ya nondo.

Lakini kiambishi chenye hatari kubwa kuliko vyote ni -ji-. Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi juu ya afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, na kabla ya kupambazuka siku ya pili alikuwa amekufa akiwa kizuizini. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na alama nyingine mwilini zisizopatana na madai hayo. Na Inspekta Jenerali akakiri mbele ya Seneti kwamba habari ile haikuwa sahihi, akaomba radhi. Maafisa kadhaa walishtakiwa kwa mauaji. Sisi, kwa upande wa lugha, twaona kwamba kiambishi kimoja cha herufi mbili kilikuwa kimebebeshwa mzigo wa kumfanya marehemu kuwa muuaji wa nafsi yake. Kutendwa humficha mtenda; kutendeka humfuta; lakini -ji- humbadili: humtoa kwenye kiti chake akamkalisha aliyetendwa. Na yafaa ikumbukwe kwamba kilichokishinda kiambishi hicho hakikuwa makelele tu, bali ushahidi uliosemwa na daktari kwa vitenzi vyenye watenda.

Upande wa pili, lugha ya raia nayo ina maficho yake. Watanzania, hasa tangu mwaka 2017, wamezoea kusema juu ya “watu wasiojulikana.” Kwa sura yake, msemo huu ni wa kutendeka na wa kukanusha, nao haumtaji yeyote. Kwa matumizi yake umekuwa kinyume: asemaye humaanisha kwamba kuna wanaojulikana mno kiasi cha kutotajika. Huu ni ufundi wa kale wa Kiswahili, wa kusema kwa kufumba. Lakini tusiushangilie kupita kiasi. Fumbo ambalo kila mtu amelijua na hakuna awezaye kulifumbua hadharani si ushindi wa raia. Ni kipimo cha hofu yake.

III

Tukizitazama riwaya kwa jicho hili, twagundua jambo la kupendeza. Riwaya ya upelelezi, kwa asili yake, ni hadithi ya kutafuta mtenda wa sentensi ya kutendwa. Mwanzoni fulani “ameuawa”, mwishoni twaambiwa “na nani.” Si ajabu basi kwamba aina hii ilistawi mapema katika Kiswahili. Marehemu Muhammed Said Abdulla alitutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na ndani yake kuna Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum, na Inspekta Seif wa polisi. Akili ni ya Bwana Msa, ambaye hana sare wala cheo. Inspekta ana mamlaka ya kukamata, lakini hana ufunguo wa fumbo. Wako watakaosema kuwa huo ni ushahidi wa raia kutowaamini polisi. Hatukubali haraka hivyo, kwa kuwa mgawanyo huo wa kazi umetoka moja kwa moja kwa Sherlock Holmes wa Waingereza. Lililo la Abdulla mwenyewe ni hali ya maongezi: inspekta na raia huzungumza kama watu wa mji mmoja, pasipo kutetemeka. Huyo ndiye askari ambaye msomaji angependa kukutana naye.

Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alikwenda mbele zaidi: shujaa mwenyewe ni polisi, Inspekta Wingo. Tarehe hiyo ina maana. Nchi ilikuwa imejitawala miaka michache tu, na kumpa polisi nafasi ya shujaa kulikuwa ni kuelekeza tumaini: kwamba sasa askari ni wetu. Miaka tisa baadaye, katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, Willy Gamba amekwisha kuwa mtu mwingine kabisa: mpelelezi wa siri ambaye bastola yake hutangulia mahakama, naye msomaji humpigia makofi. Hapa yatupasa kuwa wakali kidogo. Burudani ya Musiba ni ya kweli, na lugha yake inakimbia vizuri. Lakini humfundisha msomaji kuwa ukiukaji wa sheria hupimwa kwa wema wa nia ya mkiukaji. Somo hilo halibaki ndani ya jalada la kitabu.

Katika riwaya hizi zote mtenda mbaya hutafutwa nje ya polisi. Je, akiwa ndani? Aina ya upelelezi haina jibu, kwa sababu mtafutaji na mtafutwa wamekuwa kitu kimoja. Jibu lilikuwa limekwisha anza kutolewa kwingine. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alimleta Karama mbele ya mfalme akishtakiwa na waziri Majivuno. Na kosa lake, tuangalie sana, ni kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mwandishi aliona, katikati ya ukoloni, kwamba mwenye mamlaka mabovu haogopi rungu la raia kama anavyoogopa ujuzi wake wa sheria. Upungufu wa kitabu ni kwamba dhuluma yake haina mwili: wajumbe hutiwa gerezani, lakini hatusikii harufu ya gereza.

Harufu hiyo twaipata katika Haini ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2003, juu ya kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume Aprili 1972. Hamza hukamatwa, hufungwa, hulazimishwa kwa mateso kukiri. Ubora wa Shafi, kwa maoni yetu, si kwamba alilaani. Kulaani ni rahisi. Ubora wake ni kwamba alimrudisha mtenda kwenye sentensi. Anayepiga ana mkono, ana sauti, ana amri aliyoipokea. Hivyo msomaji huona mnyororo mzima, kuanzia mwenye kuamuru hadi mwenye kutii, wala hawezi kusema mambo “yalitokea” tu.

IV

Hata hivyo kazi haijaisha. Haini ni habari ya mambo makubwa: mapinduzi, uhaini, mkuu wa nchi. Mamlaka hugeuka mabavu mara nyingi zaidi katika mambo madogo: kwenye kaunta ya kituo, ndani ya karandinga, pembezoni mwa barabara pale dereva anapoombwa “chai” au “kitu kidogo.” Udogo wa maneno hayo ni wa kuangaliwa. Chai ni ukarimu, na kitu kidogo si kitu. Wote wawili, mwombaji na mtoaji, hupata pa kujificha, na methali ya “Mkono mtupu haulambwi” huitwa kuwa shahidi. Katika riwaya tulizozitaja hakuna iliyomfuata konstebo huyo hadi nyumbani, ikaona mshahara wake, hofu yake kwa mkubwa wake, na siku ya kwanza alipopokea. Inspekta amepata waandishi wake, na mtesaji amempata wa kwake. Konstebo bado ni mtu wa mzaha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Na haki hiyo ni ya raia, lakini pia ni ya askari mwema, ambaye sentensi isiyo na mtenda humchafua pamoja na mwovu. Likisikitika jeshi zima, hakuna anayejulikana kuwa hana hatia. Kwa sababu hiyo twapendekeza kwa wachunguzi wenzetu kazi iliyo ndani ya uwezo wetu: kukusanya taarifa za polisi na za magazeti, mwaka kwa mwaka, na kuhesabu vitenzi vyake, vya kutenda, vya kutendwa, vya kutendeka na vya kujitenda, tukilinganisha na yaliyothibitishwa mahakamani. Na kwa waandishi wa riwaya twaomba wamtendee konstebo kama Shafi alivyomtendea mtesaji: wampe jina, wampe kitenzi cha kutenda, kisha wamwache ajibu.