Kanda zilizopigwa mnada: Grateful Dead, Cornell 1977

Tarehe 8 Mei 1977 bendi ya Marekani iitwayo Grateful Dead ilipiga ndani ya Barton Hall, jumba la michezo la Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Nje theluji ilianguka, mwezi wa tano huo. Albamu ya usiku ule, Cornell 5/8/77, ilitoka rasmi mwaka 2017. Piga hesabu: miaka 40. Katikati hapo Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wao, alikufa mwaka 1995, bendi ikaacha kutumia jina lake, na bado mashabiki waliijua shoo ile nota kwa nota kabla CD yake haijafika dukani. Waliijuaje? Ndiyo maana nimeileta kwenye kurasa zetu, japo najua wengi wetu roki si chakula cha nyumbani.

Aliyerekodi ni mwanamke, Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi. Kanda zake zinasifiwa mpaka leo kwa sababu kila chombo kina mahali pake, hakimkanyagi mwenzake. Baadaye maisha yakambana. Akashindwa kulipia stoo alikoweka mali yake, na mwaka 1986 vitu vikapigwa mnada, kanda zikiwemo. Zikatawanyika. Nyingine zilikaa kwenye unyevu mpaka zikaota ukungu. Bendi yenyewe ikabaki haina orijino za Cornell kwa miaka mingi.

Kilichouokoa usiku ule ni nakala. Grateful Dead waliwaachia mashabiki warekodi shoo zao, na mwaka 1984 wakawatengea hata sehemu yao ukumbini. Biashara ya pesa ilikatazwa: unampa mwenzako kaseti naye anakupa yake, au unatuma kaseti tupu na stempu, basi. Kanda za Betty zilipoingia kwenye mzunguko huo, Cornell ikasambaa kila mahali. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye rejista ya kitaifa ya rekodi ya mwaka 2011. Yaani serikali iliiandikisha kama mali ya taifa wakati hakuna duka lililokuwa linaiuza kihalali! Hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.

Sasa muziki. CD ni tatu, na ya kwanza siirudii sana. Kuna nyimbo mbili za kontri, El Paso ya Marty Robbins na Mama Tried ya Merle Haggard, wanazipiga kama watu wanaopasha mikono moto. Row Jimmy inajikokota, wenye subira wataipenda. Dancing in the Street, wimbo wa zamani wa Motown, wameuvalisha disko. Wapo mashabiki wanaoucheka, mimi naona besi ya Phil Lesh peke yake inatosha kuutetea.

Lakini Scarlet Begonias inapoingia Fire on the Mountain, hapo tulia. Ni zaidi ya dakika 20 bila kusimama. Sisi tuliolelewa na rumba tunalijua hili jambo: maneno yakiisha ndipo wimbo unaanza. Ila sebene inajua inakokwenda, inakusukuma ucheze. Hawa wanatafuta mlango gizani. Wapiga ngoma wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, wanabadilisha mwendo polepole, besi inatangulia, gitaa la Garcia linauliza, la Bob Weir linajibu kwa vipande vifupi. Unasema, aa, wimbo wa pili umeanzia hapa. Ukirudisha nyuma unakuta ulikuwa umeshaanza zamani.

Nimeisikiliza Cornell kwa namna mbili, zote kupitia flashi: nakala ya nakala ya kaseti, na hii albamu rasmi. Mafundi wa 2017 walizifanyia kazi kanda zenyewe, wakarekebisha hata kuyumba kwa kasi yake. Wapo wanaosema ile shhh ya kaseti ndiyo roho ya shoo, na kwamba usafi umeiua. Mimi hapana. Mwenye kusema hivyo labda hajapoteza orijino.

Kwaya ya mama yangu ilirekodi kaseti moja Uvira kabla ya vita ya 1996. Orijino ilibaki huko, na hakuna anayejua iko wapi. Hapa kambini wimbo upo kwenye memori kadi za watu wengi, unaupata popote wanapochaji simu, na namshukuru kila aliyeunakili. Lakini kila nakala imekula kidogo. Sauti ya kwanza inasikika, ngoma inasikika. Mama aliimba sauti ya pili, na sauti ya pili haipo tena. Ninajua inapaswa kuwa wapi, nasikiliza pale, nakuta shhh.

Kwa hiyo nikisikia Morning Dew kwenye albamu hii, sijali wanaolilia kaseti. Wimbo aliutunga Bonnie Dobson wa Kanada: mwanamume na mwanamke wanazungumza baada ya vita ya nyuklia, mmoja anataka kutoka nje, anauliza watu wako wapi. Sihitaji bomu la nyuklia ili niuelewe. Garcia anauimba chini sana, karibu na kuongea, na bendi inashuka naye mpaka unasikia nafasi kati ya vyombo. Kwenye nakala ya kaseti dakika hizo zimezama kabisa. Kwenye rili za Betty zipo zote, pumzi na yote. Halafu gitaa linaanza kupanda, taratibu, kisha mkono wa Garcia unachapa nyuzi kwa kasi mpaka bendi nzima inajaa kama mto wakati wa masika, dakika ya 13 imeshapita.

Baada ya hapo wanafunga na One More Saturday Night, wimbo wa Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumapili. Mimi huzima kabla hawajaanza.