Kilema cha Farasi Mzima: Uchambuzi wa Istilahi Moja ya Mbio za Farasi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa habari za michezo na za kamari, neno la Kiingereza 'handicap' limo mstari wa mbele. Katika tafsiri tulizozisoma, mara limeitwa kilema, mara kikwazo, mara kipingamizi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba yote matatu hayafai kwa mbio za farasi, na kwamba kosa hilo halitokani na uhaba wa maneno katika Kiswahili, bali latokana na kutafsiri neno kabla ya kulitambua jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Farasi wanaoshindana hawalingani kwa uwezo, na mbio ambazo mshindi wake hujulikana mapema hazina ladha. Kwa hiyo huteuliwa ofisa ambaye huchunguza mbio alizokwisha kukimbia kila farasi, kisha humpangia uzito wa kubeba: hodari hubebeshwa mwingi, hafifu hubebeshwa kidogo. Uzito huo ni jumla ya mpandaji, tandiko, na vipande vya risasi vinavyotiwa mifukoni mwa tandiko iwapo mpandaji ni mwepesi kuliko kiasi kilichoamriwa. Shabaha ya ofisa ni kwamba wote wawe na nafasi sawa ya kushinda.

Melbourne Cup ya Australia, iliyoanza mwaka 1861 na ambayo tangu 1972 masafa yake ni mita 3200, ni mbio za namna hiyo. Farasi jike Makybe Diva alizishinda mara tatu mfululizo: mwaka 2003 alibeba kilo 51, mwaka 2004 kilo 55.5, na mwaka 2005 kilo 58. Kila ushindi ulimwongezea mzigo. Phar Lap naye alishinda mwaka 1930 akiwa na kilo 62 na nusu hivi. Mwaka uliofuata alibebeshwa kilo 68, akawa wa nane. Sasa mfasiri akiandika kwamba Phar Lap 'alikuwa na kilema cha kilo 68', msomaji ataelewa nini? Atadhani kwamba farasi alikuwa akichechemea. Kweli ni kinyume chake: alipewa uzito ule kwa kuwa ofisa hakuona mwingine wa kulingana naye. Istilahi inayogeuza sifa kuwa dosari imeshindwa kazi yake ya kwanza.

Yamkini tutajibiwa kwamba Waingereza wenyewe wametumia neno moja kwa mambo yote mawili. Ni kweli, lakini tuangalie neno lilikotoka. Asili yake ni mchezo wa kubadilishana mali, ambamo mwamuzi alikadiria tofauti ya thamani, na wahusika wakatia mikono kofiani penye fedha ya amana. Katika karne ya 18 likaingia katika mbio za farasi, likiwa na maana ya kusawazisha. Maana ya ulemavu ilifuata baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya 20. Aandikaye 'kilema' ameichukua maana changa akaiacha ile kongwe.

Ama 'kikwazo', kina ila nyingine. Ziko mbio ambazo farasi huruka nyua na mitaro, na hivyo ndivyo vikwazo hasa. Tukiliazima neno hilo kwa uzito, tutakosa la kuviitia vile vinavyorukwa.

Sisi tunapendekeza 'uzito wa kusawazisha', na ofisa wake aitwe 'msawazishaji'. Kinyume cha mbio hizi ni zile za uzito wa kanuni, kama Kentucky Derby ya Marekani iliyoanza mwaka 1875, ambamo farasi wa miaka mitatu hubeba ratili 126, yaani kilo 57 hivi, na majike ratili 121, bila kujali nani ameshinda wapi. Vile vipande vya risasi tungeviita 'farumi', neno ambalo mabaharia wetu hulitumia kwa mawe au mchanga wa kutia uzito chomboni. Tunatambua kwamba farumi hukituliza chombo na wala haiwekwi ili kukipunguzia mwendo; ndiyo maana tunaliweka kwa vipande hivyo tu, si kwa uzito wote.

Ubora wa kitenzi 'kusawazisha' waonekana zaidi tukifikia mbio za farasi wa kukokota kigari cha magurudumu mawili. Hapa farasi haruhusiwi kwenda shoti. Hana budi kushika mwendo mmoja, ama wa matiti, ama ule ambao miguu ya upande mmoja huenda pamoja. Watu wa pwani, ambao kule Lamu hushindanisha punda hadi leo, wanalo neno 'telki' kwa mwendo wa punda mwepesi, nasi hatuoni sababu ya kuunda jipya kwa mwendo huu wa pili. Katika mbio kadhaa za Australia na New Zealand, farasi hodari haongezewi uzito, bali huanzishwa mita 10, 20 au zaidi nyuma ya wenzake. Hayo basi ni 'masafa ya kusawazisha'. Chombo kimebadilika, nia ni ile ile.

Limebaki tumizi la tatu, na ndilo la hatari. Huko Marekani neno lilo hilo lina maana ya kazi ya mcheza kamari anayechunguza kumbukumbu za farasi ili ajue wa kumwekea fedha. Huyu hasawazishi kitu. Anautafuta ule upungufu wa usawa ambao ofisa hakuweza kuuondoa. Kazi yake ni 'ukadiriaji', na kuipa jina la kazi ya ofisa ni kumchanganya mwamuzi na mwenye kuweka dau.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba farasi ni mambo ya mbali. Hata hivyo, Nairobi wanakimbia katika uwanja wa Ngong tangu 1954, na neno hili sasa limo katika kamari za kandanda ambazo vijana wetu hutolea fedha. Aidha, marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Mdai na mdaiwa wakisimama mbele ya hakimu kwa ajili ya dau, maana ya neno ndiyo itakayoamua nani alipwe. Na nchi iliyotunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010 haipendezi iendelee kulitumia neno 'kilema' kwa mchezo. Tunawaomba wafasiri, kabla ya kufungua kamusi, waulize kwanza: ni nani anayefanya nini, na kwa nia gani?