Singo Usoni: Jamani, Musoma Tulikuwa Wapi?

Nisikilizeni kwanza, mengine yatasubiri. Singo imefika Mukendo, hapahapa Musoma! Siyo ile ya kumwagiza mtu anayekwenda Unguja, ukasubiri mpaka ukasahau kama uliagiza. Hii ipo dukani, kwenye kikopo cha plastiki, imesagwa laini, na harufu yake inakupokea kabla muuzaji hajaitikia salamu. Nimeijaribu usoni, na tangu ninawe kila anayenisalimia namlazimisha ashike shavu langu. Mama mmoja wa dagaa kanishika, kanitazama, kauliza bei.

Kwa ambao hawajakutana nayo: singo ni mali ya Pemba na Unguja. Wanawake wa huko huchanganya asumini, mawaridi, langilangi, mrehani, mpompia na liwa, wakavisaga, kisha bibi harusi anasuguliwa mwili mzima siku za kuelekea ndoa yake. Sisi wa Mara tumekulia kwenye dodoki linalojiotea kwenye uzio, na jiwe la kusugulia miguu. Siyadharau hata kidogo, kisigino changu ni shahidi. Ila usoni? Dodoki kavu shavuni ni ugomvi.

Kikopo changu ni cha liwa na mawaridi. Nimechota nusu kijiko cha chai kiganjani, na ikiwa kavu inafanana kabisa na unga wa ulezi uliochekechwa mara mbili. Badala ya maji matupu nimetia mtindi. Shangazi yangu wa Butiama ana ng'ombe, na mtindi wake ni ule mzito wa kwenye kibuyu. Aliponiona nauchota kwa ajili ya uso alisema, "Mwanangu, hayo ni ya kunywa." Nikamwambia, "Shangazi, subiri kidogo tu."

Maana mtindi una kazi yake hapa. Maziwa yakiganda huzaa asidi ya laktiki, na asidi hiyohiyo ndiyo makampuni ya vipodozi huitia kwenye vichupa vya bei mbaya. Juu kabisa ya ngozi kuna seli zilizokwisha kufa, zimeshikana. Asidi inalegeza mshikamano huo, kisha chembe za singo zinazizoa. Kwenye mtindi asidi ni kidogo ukilinganisha na ya chupa, na kwa uso unaoanza hilo ndilo ninalolipenda.

Sasa utamu wenyewe. Uso umelowa maji ya vuguvugu. Ncha za vidole viwili tu, siyo kiganja. Nikaanzia kwenye mabawa ya pua, miduara midogomidogo, nikaenda kidevuni, nikapanda kwenye paji, mashavu nikayaachia mwisho na sikukaa hapo. Kuzunguka macho sikugusa. Ukisikia mtekenyo, hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Ukisikia mkwaruzo, umezidisha. Na nongo zilizotoka, wenzangu! Vinyuzi vya kijivu vinajiviringisha chini ya kidole, pale penye mkunjo wa pua ambapo nilidhani sabuni inafika kila siku. Nilikuwa nimetoka Bunda kwa bodaboda, upepo wa mchana ukinipiga usoni, kwa hiyo vumbi lote la barabara za pembeni lilikuwa limechanganyika na jasho na mafuta ya nazi. Beseni lilikuwa ushahidi tosha.

Nikanawa, nikajifuta kwa kugusisha taulo bila kusugua, nikapaka mafuta mepesi. Uso ukawa umetakata, laini, na haukubana hata kidogo kama unavyobana ukitumia sabuni ya mche. Poda siku hiyo ilikaa sawasawa, haikuganda kwenye pembe za pua. Nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki. Nilirudia kujitazama.

Lakini tuelewane, maana najua mtakavyokimbilia. Ngozi huzaa seli mpya chini na kuzipandisha juu kwa muda wa kama wiki 4 kwa kijana, na kadiri umri unavyosogea ndivyo muda unavyorefuka. Yaani ngozi inajichubua yenyewe, wewe unaisaidia tu. Mara moja kwa wiki inatosha. Mwenye uso wa mafuta mengi anaweza kufika mara mbili. Ngozi nyeusi ukiichokoza haisahau, inakulipa madoa meusi yanayokaa miezi. Kuna saluni moja niliwahi kusuguliwa kwa sukari na limao, na mdada akaniambia nivumilie, urembo una gharama zake. Siku hizi mtu akinisogezea limao usoni naaga! Chembe za sukari zina pembe, na limao ni kali, tena ukitoka nalo juani linaweza kukuachia alama za kuungua. Singo ya karafuu nayo ni tamu kwa mgongo na miguu, kwa uso imezidi ukali.

Kingine kilichonifurahisha: hakuna plastiki ndani yake. Skrabu nyingi za kiwandani zilikuwa na vipunje vya plastiki, mpaka Marekani ikatunga sheria ya kuvizuia mwaka 2015 na Uingereza ikafuata 2018. Vipunje hivyo huteremka na maji ya kunawia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa Mwanza, na mmoja kati ya kila watano alikutwa na vipande vya plastiki tumboni. Ziwa ni hilihili letu, na sato ndio hawahawa. Mimi maua yaliyosagwa yakienda ziwani silali macho wazi.

Halafu jua. Musoma tupo karibu nyuzi moja na nusu tu kusini ya ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa unakudanganya kwamba hakuna joto. Uso uliotoka kusuguliwa unaungua haraka. Fanya usiku, na asubuhi paka losheni ya kukinga jua au vaa kofia pana.

Wenye chunusi mbichi zenye usaha, subirini zipoe. Wanaotumia dawa za chunusi walizoandikiwa hospitali, ulizeni kwanza. Na waliotoka kwenye mkorogo, ngozi yenu imeshakuwa nyembamba, ipeni mapumziko ya kutosha kabla ya kuisugua na chochote.

Alama zangu: tisa kwa kumi. Moja nimeizuia kwa sababu kikopo hakina orodha ya viambato wala tarehe ya kuisha, na mimi napenda kujua ninachojipaka. Vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, kwa hiyo watengenezaji wetu wadogo wakiweka lebo na kupita huko watatufunga midomo. Na ukiona singo inayoahidi weupe kwa siku chache, iache hapohapo dukani. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado wapo wanaozichomeka. Yangu haikuahidi weupe. Madoa yangu ya zamani ya kidevuni pia yapo palepale, sitawadanganya, hii ni mara ya kwanza tu.

Mwenye pupa kuliko mimi ni kaka yangu, anayeendesha bodaboda pale Makutano, njia ya kuingilia Butiama. Ana vipele vya ndevu shingoni, vile vinavyotokea nywele ikijikunja na kurudi ndani ya ngozi. Nimemwambia asugue polepole usiku wa kuamkia siku ya kunyoa, asiguse vilivyovimba. Amekubali, akaondoka na kikopo changu.