"Maisha yetu" ya nani?

Katika Cobalt Red (2023), Siddharth Kara anatutembeza Lubumbashi, Kipushi, Likasi mpaka Kolwezi. Anastahili sifa: aliketi na akina mama waliofiwa na watoto mashimoni, akawasikiliza. Kinachonikera kipo jaladani. Anasema damu ya Kongo inaendesha "maisha yetu". Yetu sisi na nani? Kumbe anaongea na mnunuzi wa ng'ambo. Basi hata dawa anamwachia zaidi huyo huyo: aone haya, abadilike. Mkongomani anabaki wa kuhurumiwa tu.

Kitabu kikiwa tayari madukani, Februari 2025 Kinshasa ikazuia kobalti isitoke nje. Oktoba ikaweka viwango, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Kumbe mwenye mali naye anaweza kufunga mlango! Ila usafishaji mwingi unafanyika China. Mlango ukifungwa, nani atatangulia kulala njaa: kiwanda au mchimbaji?

Swali hilo nataka kulisoma kwa mkono wa mtu wa Kolwezi. Maana sisi wa kambini, simu mfukoni na ndugu mashimoni, tumo katika "yetu" na katika damu pia.