Mcheza kwao hutunzwa, lakini je, mtunzi?

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kwenye tamasha la wanafunzi katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja. Tamasha lenyewe lilikuwa na shabaha mbili. Kwanza, wanafunzi waonyeshe waliyojifunza katika somo la muziki. Pili, sisi wageni tuchangie matibabu ya mzee mmoja mpiga nyatiti, jirani wa shule, aliyekuwa amelazwa hospitalini. Ndoo ya plastiki ilizungushwa, nambari ya M-Pesa ikaandikwa ubaoni, nasi tukatoa kila mtu kadiri ya mfuko wake. Hapo sina lawama. Harambee ni yetu, na mgonjwa hangoji tumalize mjadala.

Kilele cha siku kilikuwa msichana wa kidato cha tatu aliyeketi kwenye kigoda, nyatiti mbele yake, akapiga na kuimba "Kothbiro". Ala hiyo yenye nyuzi nane kwa desturi ilikuwa ya wanaume, kwa hiyo kumwona binti akiichezesha kwa utulivu ule kulinifurahisha sana. Ukumbi mzima ulinyamaza. Hata wale wavulana wa nyuma wasionyamaza hata wakiombewa walitulia tuli.

Kisha mfawidhi, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, akashika kipaza sauti: "Huo, wageni wetu, ni wimbo wa jadi wa Waluo. Mtunzi wake hajulikani, maana nyimbo za jadi ni mali ya jamii nzima."

Nilishtuka. Baada ya chai nikamwendea nikamwambia kwa upole, "Mwalimu, wimbo ule una mwenyewe."

Akacheka. "Prof, si ni wewe uliyetufundisha kwamba fasihi simulizi haina mtunzi maalumu? Daftari ninalo mpaka leo!"

Nilikosa jibu. Kumbe alikuwa mwanafunzi wangu miaka ya nyuma, na asemayo ni kweli tupu. Sentensi ile nimeisema madarasani kwa zaidi ya miaka 30. Imo katika vitabu vya shule, imo katika miongozo, na mtahiniwa akiiandika anapata alama yake. Makala haya basi ni uhakiki wa wimbo mmoja, lakini pia ni toba ya mwalimu mmoja.

Tuanze na wimbo. "Koth biro" katika lugha ya Dholuo maana yake ni mvua inakuja. Maneno yake ni machache mno: ni wito kwamba mawingu yametanda, mifugo irudishwe nyumbani. Nilipokuwa shule ya upili miaka ya 1970, vijana wa Nairobi walikuwa na bendi iliyoitwa Black Savage, iliyopiga magitaa ya umeme kwa mtindo wa Kizungu, na miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Job Seda. Bendi hiyo ndiyo iliyorekodi "Kothbiro" kwa mara ya kwanza. Job Seda baadaye alishiriki kuunda bendi ya African Heritage, akajifunza nyatiti, na katika miaka ya 1980 akahamia Uingereza. Huko alipiga nyatiti yake kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London, wapita njia wakimtupia sarafu. Huyo ndiye ulimwengu uliyemjua kama Ayub Ogada.

Mwaka 1993 alitoa albamu yake, "En Mana Kuoyo", kupitia lebo ya Real World. "Kothbiro" ilikuwamo, safari hii bila magitaa ya umeme. Mwaka 2005 wimbo huo ukasikika katika filamu "The Constant Gardener", iliyopigwa hapa hapa Kenya. Mwaka 2015 alitoa "Kodhi" akishirikiana na mpiga gitaa Trevor Warren. Na mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alipochukua kipande cha ile rekodi ya zamani ya Black Savage kwa ajili ya wimbo wake "Yikes", majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yaliingizwa katika orodha ya watunzi. Ogada alifariki Februari 2019, karibu na Kisumu.

Msomaji wangu, hebu tafakari. Amerika inajua kwamba wimbo huu una wenyewe, tena inajua majina yao. Shule iliyo mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kisumu haijui.

Atakayemtetea mwalimu yule atasema: lakini Ogada alichota kwenye kisima cha jadi! Nyatiti hakuibuni yeye, na wito wa mvua umeitwa na wachungaji tangu enzi na dahari. Ni hoja nzuri. Naijibu kwa kuusikiliza wimbo.

Mpiga nyatiti wa kikwetu, ambaye Waluo humwita jathum, hupiga kwa kasi. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma anayogongea mbao za ala yake, na mguuni hufunga njuga ziitwazo gara. Sauti yake ni ya kukwaruza, ya mtu anayeshindana na kelele za matanga. Anasimulia kirefu, anataja watu kwa majina, anasifu ukoo huu na kuuchokoza ule. Ni utendaji wa hadhara, wa vumbi na jasho.

Sasa sikiliza "Kothbiro" ya 1993. Pete haisikiki ikigonga, njuga zimenyamaza, hakuna ukoo unaosifiwa wala mgeni anayetajwa jina. Nyuzi zinarudia mkondo uleule taratibu, kama manyunyu ya kwanza kwenye bati, na juu yake inapanda sauti laini ya mtu anayeita akiwa mbali. Maneno yamepunguzwa hadi yakabaki wito mtupu. Hujui anayeita ni nani, wala kama wanaoitwa watafika kabla ya mvua. Ogada ameuchukua muziki wa hadhara akaufanya wa upweke. Mtu aliyeishi ughaibuni na kupiga ala ya babu zake mbele ya wageni wasioelewa neno hata moja, ndiye awezaye kuufanya wito wa kurudi nyumbani uume namna ile. Katika albamu iyo hiyo kuna "Dala", yaani nyumbani, na "Chiro", yaani soko. Ukizisikiliza pamoja utasikia mtu anayeijenga upya Nyanza akilini mwake, nyumba kwa nyumba.

Kupunguza huko ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Tunaposema "ni wa jadi, mtunzi hajulikani," tunakosea tarehe na jina, na papo hapo tunafuta kazi yote ya kisanaa iliyofanyika kati ya jadi na wimbo. Mhakiki hana tena la kuhakiki.

Sitaki msomaji adhani nasema Ogada ni bora kuliko jathum wa kijijini kwa kuwa jina lake limo kwenye albamu. La hasha. Jathum naye hakuwa bila jina hata siku moja. Watu waliposafiri kumleta kwenye matanga walisema wanamfuata fulani mwana wa fulani. Na alilipwa. Waluo wana desturi iitwayo pakruok: mtu husimama katikati ya muziki, humsimamisha mpigaji, hujisifu au kuwasifu rafiki zake kwa majina ya mafumbo, na kwa nafasi hiyo hutoa pesa. Kwetu Bungoma mpiga litungu naye hakuenda nyumbani mikono mitupu. Nakumbuka nikiwa mtoto nilimwona kuka wangu akimbandikia mpigaji noti kwenye paji la uso lililolowa jasho, huku akicheza. Huko Pwani katika taarabu hali ni hiyo hiyo: mwimbaji hutunzwa pale pale, wimbo ungali mdomoni.

Kwa hiyo lile wazo kwamba sanaa ya jadi ni ya bure, haina bei wala mwenyewe, halikutoka kwenye jadi. Limetoka madarasani, na mimi ni mmoja wa waliolitoa.

Hapa lugha yetu ina jambo la kutuonyesha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wapo wasemao hutuzwa. Sina ugomvi na upande wowote. Kutunza huku ni kumpa msanii zawadi kwa ustadi wake. Lakini kutunza pia ni kulea, kuhifadhi, kuuguza. Na neno mtunzi? Wanafunzi wengi hudhani linatokana na tunza. Sivyo. Linatokana na tunga, ambapo ng hugeuka nz mbele ya kiambishi -i, kama vile anayejenga anavyokuwa mjenzi. Ni sadfa ya sauti tu kwamba mtunzi na kutunza vimekutana mdomoni. Katika maisha ya wasanii wetu havijakutana.

Tazama mpangilio wetu ulivyo. Msanii akiwa na nguvu, tunaimba nyimbo zake kwenye sherehe na mashindano bila kumtaja, kwa kuwa ni "za jadi". Akiugua, tunamwandalia tamasha la mchango na kumwita hazina ya taifa. Maana ya kwanza ya kutunza, ile ya kumpa mtu haki ya kazi yake, tunairuka. Tunasubiri ile ya pili, ya kumuuguza. Mchango ni wema, lakini mpokeaji wake hushukuru akiwa ameinamisha kichwa. Aliyelipwa jasho lake hushukuru akikutazama machoni.

Nililielewa hili vizuri zaidi siku mbili baada ya tamasha. Nilifuatana na mwalimu mkuu kupeleka fedha hospitalini. Mzee alikuwa ameketi kitandani, amedhoofu, vidole vyake virefu vimetulia juu ya blanketi. Alipokea bahasha kwa mikono miwili akatuombea baraka. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Watoto waliimba wimbo wangu upi?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumesikiliza nyimbo 11 alasiri ile. Hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Hakuna aliyemwuliza kama anazo, ilhali amepiga nyatiti kwenye matanga ya tarafa ile tangu kabla ya mwalimu mkuu kuzaliwa. Bango langoni lilikuwa na picha yake. Mwalimu mkuu alisema, "Mzee, mwaka ujao." Mzee akatikisa kichwa, akacheka kidogo, asiseme neno.

Nifanyeje basi na sentensi yangu ya miaka 30? Kwanza, naiondoa kama ilivyo. Badala ya "haina mtunzi", tuwafundishe vijana waulize: nani aliimba toleo hili, wapi, lini, na amebadilisha nini katika alichorithi? Kuna nyimbo ambazo kweli asili yake imepotea. Hata hizo haziko jangwani: tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, inayoitambua jamii husika kuwa mwenye mali. Na pale mtunzi anapojulikana, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki za Ogada, kwa hesabu hiyo, zitadumu hadi mwisho wa 2069. Msichana yule wa kidato cha tatu atakuwa nyanya wakati huo.

Pili, ratiba za matamasha ya shule na vyuo, kuanzia siku za wazazi hadi mashindano ya kitaifa ya muziki, ziwe na nafasi ya jina la mtunzi na la mzee aliyewafunza wanafunzi wimbo. Mara nyingi nimeona ratiba yenye jina la shule, la mwalimu mwongozaji na la mfadhili wa fulana. Mstari mmoja zaidi haumalizi wino.

Tatu, tukimchangia msanii, tuimbe kazi zake. Aende mwanafunzi na simu yake, amrekodi mzee kwa idhini yake, ajifunze wimbo, aupande jukwaani kwa jina la mwenyewe. Na fedha zikitoka, sehemu yake iandikwe malipo, si msaada.

Yule mwalimu mwanafunzi wangu alinipigia simu Jumapili iliyopita. Msichana wa nyatiti, alisema, ameanza kwenda hospitalini kila Jumamosi na ala yake. Mzee anamwelekeza kwa midomo na vidole kwa kuwa sauti haijarudi vizuri. Wamefika ubeti wa tatu wa wimbo wa kwanza.

"Na wimbo unaitwaje?" nikauliza.

"Jina hajatuambia bado, Prof. Anasema kwanza binti aupige sawasawa."