Hospitali Iliyojichora Ukutani
Hongera kwa waliosimamia hospitali ya Santa Maria della Scala, mjini Siena, Italia. Miaka ya 1440 walimpa Domenico di Bartolo kazi ya kuchora habari za hospitali yao, tena ndani ya wodi, mbele ya macho ya wagonjwa. Hakuchora wakubwa tu. Yumo kijana mwenye jeraha la paja akihudumiwa, tabibu akikagua chupa ya mkojo, watoto waliotupwa wakilelewa, na binti mmoja wa humo akiozwa. Hata mbwa na paka wanatishiana sakafuni. Hapo ndipo mimi ninapomwamini mchoraji. Vitanda vilibaki chini ya michoro hiyo hadi karne ya 20. Siku hizi ni makumbusho, unakata tiketi unaingia.